Virchow Hakugundua Mgawanyiko wa Seli

Nimesahihisha tena rundo la karatasi za mtihani ambazo, zilipoulizwa nani aligundua mgawanyiko wa seli, zimejibu kwa sauti moja: Virchow. Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani, alitangaza mwaka 1855 kwamba kila seli hutokana na seli, lakini kutangaza kanuni si kushuhudia tendo. Hugo von Mohl, mtaalamu wa mimea, alikwisha kueleza mgawanyiko katika mwani mwaka 1835, ingawa Schleiden na Schwann, waasisi wa nadharia ya seli, walishikilia baada yake kwamba seli huweza kujiunda zenyewe bila kutoka kwa seli nyingine, na Schwann alizifananisha na fuwele zinazoganda.

Kwa upande wa wanyama, mzigo mkubwa ulibebwa na Robert Remak wa Berlin, aliyeona chembe nyekundu za damu za kiinitete cha kuku zikigawanyika. Alikuwa Myahudi, na uprofesa kamili hakuupata Prussia. Lawama kwamba Virchow hakumpa haki yake ni ya zamani. Hata hivyo nasita kumvika Remak taji lote, kwa sababu alidhani kiini cha seli, yaani kitovu chake chenye vinasaba, hubanwa katikati na kukatika vipande viwili, na sivyo.

Aliyefungua kiini ni Walther Flemming wa Kiel, kwa rangi za anilini na viluwiluwi vya salamanda (mnyama wa jamii ya vyura mwenye umbo la mjusi), ambao seli zao ni kubwa mno. Aliona nyuzi za ndani ya kiini zikipasuka kwa urefu wake, na mwaka 1882 akaliita tendo hilo mitosisi, kutokana na neno la Kigiriki la uzi. (Neno kromosomu, jina la nyuzi hizo, si lake, lilitolewa na Waldeyer mwaka 1888.)

Linaloniudhi zaidi ni wanafunzi kuichukulia michoro ya Flemming ya hatua za mitosisi kama filamu. Seli zilizotiwa rangi zilikuwa zimekufa! Ni kama kukabidhiwa picha za harusi zilizochanganyika ukaambiwa uzipange: bibi harusi analia, lakini je, ni kabla ya ndoa au baada? Flemming ilimlazimu kurudi kwenye seli hai za kiluwiluwi, ambamo nyuzi huonekana kwa shida, ndipo ahakikishe mpangilio. Mipaka ya hatua tunazokariri tumeichora sisi. Ninayo slaidi ya ncha ya mzizi wa kitunguu yenye seli moja ambayo mwaka jana niliwaambia wanafunzi ni profezi (hatua ya kwanza, nyuzi zinapoanza kuonekana), na mwaka huu, mbele ya darasa jingine, nikaiita metafezi (hatua ya nyuzi kujipanga katikati ya seli).