Sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003: je, ni mali?

Wakenya wengi wameihifadhi sarafu ya shilingi 40 iliyotolewa mwaka 2003, nchi ilipotimiza miaka 40 ya uhuru. Wanaamini kwamba, kwa kuwa ni ya kumbukumbu na haionekani tena madukani, ina bei ya maelfu. Imani hiyo inaeleweka, maana ni nadra kondakta akurudishie chenji yenye sarafu hiyo.

Lakini kutoonekana si sawa na kuwa adimu. Ilitolewa itumike kama pesa nyingine, na watu wakaifungia kabatini wakisubiri ipande bei.

Ichukue yako, uiinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Kwa kioo cha kukuzia, tazama sehemu zilizoinuka za sura ya rais: shavu, nywele, ukingo wa sikio. Zikiwa zimelainika na kupoteza mng'ao, sarafu imetumika sana, na wakusanyaji hawaigombanii. Tafadhali usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno! Mikwaruzo hushusha bei na haifutiki.

Kuhusu bei, tangazo la muuzaji halitoshi. Yeyote anaweza kuandika laki moja. Tafuta minada ya mtandaoni inayoonyesha bei ambayo sarafu iliuzwa kweli, kisha linganisha na zenye hali kama ya yako. Na mnunuzi akikuahidi mamilioni halafu aombe kwanza "ada ya usajili", usimtumie hata shilingi.