Mafua ya Juni hayatibiwi kwa vidonge vya rangi mbili

Juni na Julai Mbeya baridi haina huruma. Ukipita Mwanjelwa utasikia watu wanakohoa kila kona, na kwenye maduka ya dawa ombi ni lile lile: "Nipe vya rangi mbili, vinne tu." Ni amoksilini hiyo, aina ya antibayotiki. Vinakunjwa kwenye kipande cha karatasi, mtu anaenda zake. Daktari akikataa kuiandika, mgonjwa analalamika kwamba hakutibiwa.

Ametibiwa. Mafua huletwa na virusi, ilhali antibayotiki huua bakteria. Virusi haviguswi kabisa. Mbona basi shangazi alimeza akapona? Kwa sababu mafua huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10, umeze usimeze.

Hasara inabaki mwilini. Tumboni na kooni wanaishi bakteria wengi wasio na madhara. Kila dozi isiyohitajika huua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, wasiouawa tena na dawa. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kuhusu usugu huu mwaka 1945. Siku mtoto anapopata nimonia inayotokana na bakteria, dawa ile ile rahisi inaweza kugonga mwamba. Hilo ndilo linaloniuma.

Mtoto akipumua haraka, mbavu zikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, mkimbize hospitali, usipitie dukani. Na kikohozi kikifika wiki 2, kapime kifua kikuu.