Hati safi si bei ya hoteli

Wiki iliyopita kijana mmoja kaja ofisini kwangu Mlandege na hesabu za hoteli ya mashariki ya Unguja, yeye na nduguze wanataka kuinunua. "Ami, zimekaguliwa, hati safi hii. Tutengenezee bei tu tukasaini." Ni wa tatu mwaka huu kunambia maneno hayo hayo.

Hati safi ni maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zimefuata viwango na hazina kosa kubwa la kumpotosha msomaji. Basi. Hoteli ina thamani gani, mkaguzi hakuulizwa.

Tazameni mizania, yaani orodha ya mali na madeni, ya 31 Disemba ya hoteli yoyote ya pwani. Fedha benki zimejaa, na mnunuzi anazijumlisha kwenye bei. Lakini Disemba ni msimu wa kaskazi, wageni ni wengi. Mawakala wa Ulaya wameshatuma advansi, malipo ya kabla, za Januari na Februari. Fedha zile ni za wageni ambao hata ndege hawajapanda. Upande wa madeni upo mstari wa "advansi za wateja", na wanunuzi wangu wengi hawaufikii. Makabidhiano yanafanyika Aprili, masika imeanguka, nusu ya vyumba imefungwa, mishahara ni ile ile. Nilikaa na mnunuzi aliyepokea funguo namna hiyo. Akaunti haikutosha mshahara wa mwezi mmoja, na kwenye hesabu alizozisoma hapakuwa na kosa hata la senti. Tangu hapo natafuta wastani wa miezi 12 wa mtaji wa uendeshaji, yaani mali za muda mfupi ukitoa madeni ya muda mfupi, na mkataba lazima useme: siku ya makabidhiano ukiwa chini ya hapo, bei nayo inashuka.

Linaloniudhi zaidi liko nyuma kabisa, kwenye maelezo ya hesabu, kurasa ambazo kijana wangu hakuzifungua. Boti zinazowapeleka wageni baharini ni za mwanawe muuzaji, na hoteli inazikodi kwa bei ya chini sana. IAS 24, kiwango cha kimataifa cha hesabu, inataka uhusiano huo utajwe, na umetajwa. Haitaki bei ile igeuzwe iwe ya soko. Kwa hiyo faida iliyoandikwa ni ya kweli na hapohapo haiuziki, maana ndani yake mna hisani ya mtoto kwa babake. Hoteli ikihama mikono, mtoto atatoza kama anavyowatoza wengine. Nilichukua penseli, nikaweka kodi ya boti kwa bei ya soko mbele ya kijana, na karibu robo ya faida ikaondoka palepale.

Tena, ukinunua hisa umenunua na madeni: kodi za nyuma za ZRA na TRA (mamlaka za mapato za Zanzibar na Tanzania), kiinua mgongo, kesi. Mwaka 2015 asilimia 85 ya hisa za kampuni ya simu ya Zantel ilikwenda kwa kampuni ya Millicom kwa dola 1, na madeni juu yake. Dola ile haikueleweka mitaani kwa sababu watu walitazama bei bila ya mzigo.

Wala msidhani wakubwa wamesalimika. Hewlett-Packard, kampuni ya kompyuta ya Marekani, iliinunua kampuni ya programu ya Autonomy ya Uingereza mwaka 2011 kwa takriban dola bilioni 11, hesabu zikiwa zimekaguliwa. Mwaka uliofuata ikafuta kwenye vitabu vyake dola bilioni 8.8 za thamani ya ununuzi huo na kulalamika kuwa sehemu kubwa ilitokana na hesabu zilizopambwa. Mwaka 2020 kampuni iliyozikagua ikatozwa faini ya pauni milioni 15.

Kuna pahala na mimi nasita. IFRS 3, kiwango cha kimataifa cha ununuzi wa biashara, inamtaka mnunuzi athamini kila alichokipata, hata mikataba ya mawakala, na sehemu ya bei inayobaki juu ya hapo iitwe gudwili. Hapa kwetu mikataba hiyo haina soko la kuilinganisha. Nimewahi kuandika namba, nikaitetea mbele ya mkaguzi, akaikubali. Mpaka leo sijui kama ilikuwa sahihi, na mwenzangu mwenye makadirio tofauti angeweza kuitetea yake vilevile.

Kijana nimemrudisha kwa muuzaji akalete ankara za boti za miaka mitatu, orodha ya advansi kwa jina la kila wakala, na mkataba wa ardhi, tuone kama unaendelea mwenye hisa akibadilika. Muuzaji kasema ankara atazitafuta.