Je, wajua kwa nini rangi mpya hubambuka kwenye meza kuukuu?

Umekwenda soko la Kongowea, Mombasa, kutafuta mapazia ya mtumba, jicho likatua kwenye meza ndogo iliyosukumwa pembeni. Miguu yake imechongwa, rangi yake ya hudhurungi imeiva hadi karibu nyeusi, na muuzaji anataka kuiondoa. Unaifikisha nyumbani, unaipangusa vumbi, unaipaka rangi nyeupe ya maji mara mbili. Siku za kwanza kila mgeni anaisifu. Wiki ya pili unainua gilasi ya maji na kipande cha rangi kinatoka nayo, kimejikunja kama ganda la kitunguu. Chini yake mbao ya zamani inang'aa vilevile kama siku ulipoinunua.

Wengi hulaumu kopo la rangi, wakaenda kununua jingine la bei zaidi. Mara nyingi kopo halina kosa. Kosa ni huo mng'aro.

Rangi si gundi. Inapokuwa bado maji hutiririka na kuingia kwenye vijishimo na mikwaruzo midogo ya kitu kilichopakwa, kisha hukauka humo ndani na kujishikiza kama mizizi kwenye ufa wa ukuta. Vanishi ya zamani imeyajaza matundu yote ya mbao na kuyafunika kwa ngozi laini mfano wa kioo. Juu ya ngozi hiyo rangi haina pa kushika, hulala tu. Ongeza mafuta ya mikono ya miaka mingi, moshi wa jikoni na nta za kung'arishia, na hata hicho kidogo kilichotaka kushika hakigusi mbao.

Mtu yeyote aliyewahi kupakwa hina analijua jambo hili. Mpakaji hukuuliza kwanza kama umejipaka mafuta, na ukisema ndiyo anakurudisha ukanawe. Mkono wenye mafuta ya nazi haushiki hina, hata iwe ya kukolea namna gani. Meza nayo ni hivyo hivyo. Dondoshea tone la maji juu yake: likisimama duara kama ushanga, bado haijawa tayari. Likitandaa, unaweza kupaka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kuacha ikauke kabisa, kisha kupiga msasa. Hapa nataka nitue kidogo, maana neno lenyewe lina hadithi. Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ni mti. Ni jamii ya mkuyu, na majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka kwa sababu yamebeba chembe za silika, madini yale yale yaliyo kwenye mchanga. Mafundi walikuwa wakilainishia mbao kwa majani hayo. Karatasi ya kiwandani ilipofika ikarithi jina la mti, nasi tunalitamka kila siku pasipo kukumbuka kwamba tunataja jani.

Msasa wa karatasi huja na namba nyuma yake, na namba ikipanda chembe huwa ndogo zaidi. Wa 80 unakula, wa 120 unasawazisha, wa 220 unalainisha. Kwa meza yenye vanishi nzima huna haja ya kuchimba hadi mbao tupu. Unatafuta kuuondoa mng'aro tu, uso uwe mfu kama ubao wa shule, na wa 120 kisha wa 180 hutosha. Fuata urefu wa nyuzi za mbao. Ukisugua kwa mzunguko, mikwaruzo itakusuta hata baada ya rangi.

Na hiyo vanishi unayoikwangua huenda ilitoka pwani yetu. Katika karne ya 19, sandarusi, utomvu mgumu wa mti wa msandarusi, ilichimbwa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Zanzibar, ikapitia Zanzibar na kupakiwa merikebuni hadi Salem, Marekani, na bandari za Ulaya. Huko iliyeyushwa na kutengenezewa vanishi za samani na magari ya farasi. Hupenda kulifikiria hilo ninapokutana na kiti cha Kizungu cha zamani kimerudi kuuzwa Mombasa, kikiwa kimevaa mng'aro ambao pengine asili yake ni miti ya upande huu.

Kuna adui wa pili ambaye msasa peke yake haumwezi. Mninga, mvule, mkangazi, mbao hizi nzuri za zamani zina tanini, ile ile inayofanya chai kavu iwe chungu na kuacha alama kikombeni. Maji yaliyomo kwenye rangi huiyeyusha na kuivuta juu. Unapaka nyeupe, kesho yake kuna madoa ya rangi ya chai. Unapaka tena, yanarudi. Dawa yake ni kuweka kizuizi kisichotumia maji, na kizuizi cha tangu zamani ni shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti huko India, ukayeyushwa kwa spiriti. Tabaka moja jembamba la shelaki au praima (rangi ya kutangulizia) ya kuzuia madoa, na tanini inabaki ilipo.

Samani za siku hizi zilizotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandamizwa na kuvikwa ngozi ya plastiki zina taratibu nyingine. Ukizisugua sana ngozi inatoboka, maji yanaingia, na ubao unavimba kama mkate uliolowa. Zipitishie msasa laini, kwa mkono mwepesi, kisha praima ya kunatia. Sizipendi sana, lakini droo zake zikitundikwa ukutani huwa rafu nzuri za vikombe.

Halafu kuna Mombasa yenyewe. Rangi ya maji hukauka kwa maji yake kuruka hewani, na hewa yetu tayari imejaa maji. Mwezi Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea, unaweza kugusa meza jioni ukaiona imekauka, ukaweka vitabu juu, na asubuhi vitabu vimenata. Kukauka ni kazi ya saa chache, kuiva ni kazi ya wiki mbili hadi nne, na ni rangi iliyoiva tu inayostahimili gilasi ya maji. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba, ndipo mimi hutoa vitu vyangu uani. Wanaoishi karibu na bahari wana kazi moja zaidi: chumvi inayoletwa na upepo hutua juu ya kila kitu, na chumvi huvuta unyevu. Ukipaka rangi juu yake, hasa kwenye vyuma vya kitanda au bawaba, unakuwa umefungia maji chini ya rangi, na baada ya muda yatatoka kwa malengelenge na kutu. Osha kwa maji matamu kwanza.

Jambo moja silifanyii mchezo, nalo ni madini ya risasi. Rangi nyingi za zamani ziliwekwa risasi ili zing'ae na kudumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na vitu vinavyouzwa mtumba vinaweza kuwa vya kabla ya hapo. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto anayekua, kwa kiasi kidogo mno. Kitu kuukuu chenye rangi iliyopasukapasuka usikisugue kikavu. Kiloweshe, vaa barakoa, fanyia nje, watoto wawe mbali, na ukusanye masalio kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio. Kitanda cha mtoto chenye rangi ya aina hiyo, kiache huko huko sokoni.

Si kila kitu kinataka rangi, na hili ndilo linaloniuma ninapoona masinia ya shaba yamepuliziwa nyeupe yafanane na picha za mtandaoni. Sinia lile si chafu. Weusi wake ni shaba iliyoungana na hewa na unyevu wa pwani. Kata ndimu, ichovye kwenye chumvi, usugue. Asidi ya ndimu huyeyusha ule weusi na chumvi huharakisha kazi. Ukwaju uliolowekwa hufanya vilevile, kwani nao una asidi. Likikataa kabisa kubadilika, huenda limepakwa vanishi, na hiyo hutoka kwa tina, ile ya kuzimulia rangi. Sumaku ikilivuta, ni chuma kilichovikwa shaba, basi usugue taratibu. Usiliache na ndimu usiku kucha: shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, asidi ikikaa inaila zinki, nawe unaamka na madoa ya waridi yasiyosikia sabuni.

Suuza, kausha hadi kwenye nakshi, kisha chagua. Tabaka jembamba la nta huuchelewesha weusi. Langu sikulipaka kitu. Liko ukutani sebuleni, juu ya ile meza nyeupe, na hewa ya bahari hulirudishia giza lake kidogo kidogo. Shaabani ikielekea kwisha, nalishusha, nakata ndimu mbili.