Kupanga viwango vya wachezaji wa badminton bila kumwonea mtu

Mashindano mengi madogo ya badminton droo yake hukaa kichwani mwa mtu mmoja. Katibu anajua nani mkali na nani bado mchanga, basi anawapanga. Wakiwa kumi na wawili mambo yanakwenda. Wakifika arobaini, wageni wanatupwa kwenye daraja lisilo lao, vigogo wawili wanakutana raundi ya kwanza, na manung'uniko yanaanza kabla kinyoya hakijapigwa. Hapo ndipo namba zinapohitajika. Lakini kwanza ikubaliwe namba hiyo inajibu swali gani.

Orodha ya ubora ya BWF, shirikisho la dunia, humhesabia mchezaji matokeo yake 10 bora ndani ya wiki 52. Hiyo ni orodha ya mavuno: usiposhiriki huvuni. Kwa wanaoishi kwa kuzunguka mashindano, ni sawa. Kwenye mashindano madogo, mtu anayejitokeza mara tatu kwa mwaka na hafungwi na yeyote ataonekana dhaifu. Kiwango ninachokizungumzia hapa kinatabiri: hawa wawili wakikutana leo, kila mmoja ana uwezekano gani wa kushinda? Swali likishakuwa hilo, ubishi mwingi unakufa wenyewe. Bonasi ya kufika fainali haipo, kwa sababu mechi ya fainali ni mechi kama nyingine. Adhabu ya utoro haipo. Anayetaka kuwatuza wahudhuriaji aandae jedwali lingine pembeni.

Msingi ulio rahisi kuelezeka ni ule wa Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyeubuni kwa ajili ya sataranji. FIDE, shirikisho la sataranji duniani, iliupokea mwaka 1970. Chukua mchezaji mwenye 1500 anayekutana na mwenye 1600. Tofauti ni 100. Igawe kwa 400 upate 0.25. Kumi kwa kipeo cha 0.25 ni 1.78. Ongeza 1, kisha gawa 1 kwa 2.78: unapata 0.36. Huyo wa 1500 anatarajiwa kushinda mara 36 katika 100. Kizidisho K, kinachoamua namba isogee kiasi gani kwa mechi moja, kikiwa 32, akishinda anapanda 32 × 0.64, yaani pointi 20.5, akifungwa anashuka 11.5. Mpinzani wake anapata kinyume chake. Lahajedwali ya kawaida inatosha kabisa kwa kazi hii.

Watu hubishana juu ya fomula wakati ugomvi wenyewe uko kwenye K. Ikiwa kubwa mno, namba zinarukaruka na mtu anapanda daraja kwa Jumamosi moja nzuri. Ikiwa ndogo mno, kijana anayekua haraka anabaki na namba ya mwaka jana na kuwachinja wa daraja la chini msimu mzima. FIDE hutumia 40 kwa mgeni hadi atimize michezo 30, kisha 20, na 10 kwa aliyewahi kufika 2400. Hiyo 10 isinakiliwe. Mtu mwenye mechi ishirini kwa mwaka hataisogeza namba yake hadi raketi imwishie nyuzi. Mimi naanza na 48 kwa mechi 10 za kwanza, halafu 32.

Mgeni ana tatizo la pili ambalo husahaulika. Ukimwanzishia 1500 kumbe uwezo wake ni 1800, wale watano wa kwanza atakaowafunga wanamlipia kosa lako. Dawa ya mkono ni kumhesabia mpinzani nusu tu ya badiliko mpaka mgeni afikishe mechi 10. Dawa kamili ni Glicko, mfumo wa mwanatakwimu Mark Glickman, ambamo kila mchezaji ana namba mbili: kiwango, na ukubwa wa shaka juu ya kiwango hicho. Mgeni huanza na 1500 na shaka ya 350. Shaka hupungua kadiri anavyocheza, huongezeka akikaa nje muda mrefu, na ushindi dhidi ya mtu mwenye shaka kubwa haukuhamishi sana. Kama kuna mtu wa kuandika programu, tumia hiyo. Kama hakuna, Elo yenye nusu ya badiliko inakufikisha.

Tuje kwenye urefu wa mechi. Seti ya 21, tofauti ya alama mbili, mwisho 30: mfumo huu huikuza tofauti ndogo. Mchezaji anayepata alama 52 katika kila 100 zinazochezwa hushinda seti moja takribani mara 60 katika 100, na mechi ya seti mbili kwa tatu takribani mara 65. Akipata alama 55, seti ni kama 74 na mechi ni kama 83. Kwa hiyo seti moja peke yake inasema machache kuliko mechi kamili, nayo ipewe K ndogo. Nusu ni makadirio mazuri. Mechi ya kumtanguliza mnyonge kwa alama isiingizwe kabisa.

Je, 21–5 ihesabike zaidi ya 21–19? Takwimu zinasema kuna taarifa ndani ya tofauti hiyo. Hata hivyo mimi siitumii. Anayeongoza 15–3 hujaribu mapigo mapya, hupumzisha goti, humwachia mwenzake apate moja mbili. Ukianza kuzilipa alama hizo, unamlazimisha amdhalilishe mnyonge hadi mwisho. Ziandike tu, zitakufaa kwenye ukaguzi.

Sasa wawili wawili, ambako mifumo mingi huvunjikia. Desturi ni kuchukua wastani: 1700 na 1300 ni 1500, sawa na jozi ya 1500 wawili, basi mechi ni nusu kwa nusu. Nenda ukaitazame mechi hiyo uwanjani. Baada ya alama nne tano kila kinyoya kinaelekezwa kwa yule wa 1300. Mwenzake akijaribu kuingilia, anaacha uwazi nyuma yake, na kinyoya kinachofuata kinaangukia hapo hapo. Mnyonge ana uzito zaidi ya nusu. Mpe 0.6 na mkali 0.4: jozi inakuwa 1460, na uwezekano wa kushinda unashuka hadi 0.44. Hiyo 0.6 nayo ni ya kuanzia tu. Ipimwe kwa matokeo yenu, maana mchanganyiko wa wanawake na wanaume unaweza kudai uzito wake.

Kugawana badiliko nako kuna mtego. Kila mmoja atumie K yake: mgeni asogee sana, mkongwe kidogo. Lakini jozi isiyoachana haigawiki kwa hesabu yoyote. Mfumo unajua jumla yao tu. Hauna njia ya kuona kwamba mmoja anambeba mwenzake. Siku wakitengana, mmoja anatua daraja ambalo si lake na kufungwa mfululizo. Ipeni jozi kama hiyo namba moja ya pamoja, au wekeni siku za kubadilishana wenza. Na namba ya mmoja mmoja isichanganywe na ya wawili wawili. Mwenye 1700 akicheza peke yake, mwanzishie wawili wawili katikati, 1600, kisha mwache ajitafutie.

Shida ya aina hiyo hiyo hutokea kwa vikundi visivyokutana. Elo huhamisha pointi ndani ya kikundi, hivyo kila kisiwa hubaki na wastani wake wa 1500 hata kama kimoja kina walimu na kingine wanaojifunza kushika raketi. Msilinganishe 1600 ya huku na 1600 ya kule mpaka ziwepo mechi za kuwaunganisha, na zichezwe na watu kadhaa. Balozi mmoja hatoshi.

Kwenye kumbukumbu nina msimamo mkali: hifadhi mechi, usihifadhi viwango. Tarehe, aina ya mechi, namba ya utambulisho ya kila mchezaji, alama za kila seti, jinsi ilivyoisha. Viwango vikokotolewe upya kutoka mechi ya kwanza kila mara, kwa sababu makosa yatagunduliwa: matokeo yaliyogeuzwa, mtu mmoja mwenye majina mawili. Ushindi wa mezani hauingii. Aliyeumia ahesabiwe amefungwa kama seti ya kwanza ilikwisha. Kabla ya hapo, mechi ifutwe. Sheria hiyo iandikwe mapema, si siku mtu anapoteguka.

Kuna wanaojishusha makusudi ili wavune zawadi za daraja la chini. Usiwafukuze kwa hisia. Weka sakafu: hakuna anayeruhusiwa kuingia daraja lililo zaidi ya pointi 150 chini ya kiwango chake cha juu kabisa katika miaka miwili, isipokuwa kwa jeraha lililothibitishwa.

Msimu ukiisha, kagua. Kusanya mechi zote ambazo kigogo alipewa kati ya 0.60 na 0.70, uhesabu alishinda ngapi. Zikiwa 40, tegemea kama 26. Kati ya 20 na 32 ni bahati tu, usiguse kitu. Wakishinda 35, namba zenu zimebanana, na mara nyingi K ni ndogo. Wakishinda 18, zimetawanyika kupita uwezo wa watu, na K ishushwe. Kisha endesha mechi zote tena tangu mwanzo kwa K mpya, na utangaze namba mpya kabla ya droo ya kwanza ya msimu unaofuata.