Ukoga ni nini, na mswaki unauondoaje

Asubuhi, kabla hujapiga mswaki, pitisha ukucha taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Ule ute mweupe unaobaki kwenye ukucha ndio ukoga. Wengi hudhani ni mabaki ya chakula cha jana. Sivyo. Ukoga ni utando wa bakteria hai waliojishikiza kwenye jino, na hata ukishinda na njaa utajijenga tena. Bakteria hao wakipata sukari, ya chai au ya soda, hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayotoboa jino.

Kwa kuwa utando huu ni laini, mswaki laini unatosha. Kusugua kwa nguvu kama unasugua sufuria ni kuumiza ufizi bure. Kazi kubwa iko kwenye ukingo wa ufizi: ulaze mswaki kidogo, nyuzi zielekee huko, kisha uzungushe polepole meno mawili matatu kabla ya kusogea. Magego ya mwisho na upande wa ndani wa meno ya chini husahaulika sana. Piga dakika mbili, asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floridi, madini yanayolinda jino dhidi ya asidi. Mtoto chini ya miaka 3 kiasi cha punje ya mchele kinamtosha. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Wa usiku usiuache kabisa, maana ukilala mate hupungua, na mate ndiyo yanayozimua asidi.

Ukoga ukiachwa siku kadhaa hufyonza madini ya mate ukawa mgumu kama jiwe. Hapo mswaki hauuwezi tena, mpaka daktari wa meno aukwangue.

Ufizi ukitoka damu, watu hukwepa sehemu ile. Nawasihi msiikwepe: mara nyingi damu ni dalili kwamba ukoga umekaa hapo. Safisha kwa upole. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili, mwone daktari.

Na meno ya kahawia ya wenzetu wengi wa Arusha na Kilimanjaro si ukoga. Ni floridi nyingi ya maji waliyokunywa utotoni, jino likiwa bado linaumbika ndani ya ufizi. Inauma kusikia mtoto wa huko akiitwa mchafu. Mkaa au mchanga hautaiondoa rangi ile, utalikwangua jino tu.

Mswaki wa mti je? Unafaa, Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986. Tafuna ncha mpaka nyuzi zilainike, fuata ukingo uleule wa ufizi, na nyuzi zikichakaa kata ncha uanze upya.