Je, wajua kwa nini okidi ya porini hufa bustanini, na ni ipi inayokubali?

Mtu akikuta okidi imechanua porini, mkono humwasha. Ataichimba taratibu pamoja na bonge la udongo, aipande kivulini na kuimwagilia kila jioni. Mara nyingi mmea huo husuasua kwa msimu mmoja au miwili, kisha hufa. Maji yalikuwepo, na kivuli pia. Kilichokosekana kilibaki udongoni kule ulikotolewa.

Mbegu za okidi ni laini kama vumbi. Tunda moja hubeba maelfu ya mbegu, na kwa baadhi ya aina hata mamilioni, lakini hakuna iliyofungiwa akiba ya chakula. Porini, mbegu hukua pale tu inapoingiwa na kuvu ya udongoni inayofaa. Nyuzi za kuvu hiyo hupenya ndani ya seli, na okidi changa hujipatia humo sukari na madini hadi itoe majani yake. Aliyeligundua jambo hili ni Mfaransa Noël Bernard, mwaka 1899. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuoteshwa chupani bila kuvu, zikiwekewa jeli yenye sukari na madini. Vitalu vingi vya okidi hadi leo vinafuata njia hiyo.

Zipo okidi ambazo hata zikikomaa haziachani na kuvu yake. Cypripedium acaule, yenye ua la waridi, huota kwenye misitu ya Amerika ya Kaskazini penye udongo wenye tindikali nyingi. Ukiing'oa, unakata mizizi na uhusiano huo kwa pamoja, na udongo wa kawaida wa bustani hauwezi kuurudisha. Hiyo iache ilipo.

Spiranthes odorata ni habari nyingine. Asili yake ni mashariki na kusini-mashariki mwa Marekani, kwenye vinamasi, kingo za vijito, hata mitaro ya kando ya barabara. Imezoea udongo uliojaa maji na ardhi iliyovurugwa, majani yake ya kijani hujitengenezea chakula, na mizizi yake hutoa machipukizi pembeni. Kwa hiyo shina moja likipapenda mahali, baada ya muda huwa kishada.

Ipande penye jua la asubuhi au kivuli chepesi. Changanya mboji nyingi na mchanga kidogo, na usiongeze chokaa. Mizizi ni minene na hukatika upesi, basi itandaze kwa vidole badala ya kuishindilia, na kitovu cha majani kiwe usawa wa ardhi. Baada ya hapo kazi kubwa ni moja tu: udongo usikauke. Ukingo wa bwawa unafaa sana, na maji yakituama kwa muda mmea huu huvumilia.

Maua meupe hutoka kuelekea mwisho wa mwaka, yamejipanga kwa mzunguko kwenye bua, na harufu yake ni tamu kweli. Kaa karibu umtazame nyuki. Huanzia maua ya chini, kisha hupanda juu. Ya chini yalitangulia kufunguka, na kwa sasa yako tayari kupokea chavua. Ya juu ni mapya na ndiyo yanayotoa. Nyuki huondoka kileleni vifuko vya chavua vikiwa vimeganda mdomoni mwake, akatua chini ya bua la mmea mwingine na kuiacha pale panapohitajika. Charles Darwin aliueleza mpango huu mwaka 1862, kwa kuchunguza okidi ya jamii hiyohiyo ya Spiranthes inayoota Uingereza. Kwangu mimi, hili pekee linatosha kuupa mmea huu nafasi bustanini.

Nunua mche uliooteshwa kitaluni, na muulize muuzaji waziwazi kama ulitokana na mbegu au kugawanywa kwa mmea mama. Akisita kujibu, nenda kwingine, maana huenda umechimbwa porini. Ukishapanda, usitie mbolea kali ya chumvichumvi wala dawa za kuua kuvu. Kuvu inayofaa ikiwemo udongoni, miche mipya yaweza kujiotea yenyewe jirani na mmea mama.